Mfuko wa fahirisi ya kampuni ndogo: yasemwayo na yaliyomo

Mtu akisikia "mfuko wa fahirisi", yaani mfuko wa pamoja unaofuata orodha ya hisa iliyopangwa kwa kanuni (hiyo orodha ndiyo fahirisi), anatulia: hakuna meneja wa kubahatisha hisa. Akiambiwa ataweka fedha kidogo kidogo kila mwezi, anatulia zaidi. Neno "ndogo" linapita bila kuulizwa, ilhali ndilo linaloamua mfuko huu utamfanyia nini.

"Fahirisi zote za kampuni ndogo ni mamoja"

Hapa pana mengi, tukae kidogo. Chukua mbili za Marekani. Russell 2000, iliyoanzishwa mwaka 1984, hupanga kampuni 3,000 kubwa zaidi kwa thamani ya soko (bei ya hisa mara idadi ya hisa), hukata 1,000 za juu, na 2,000 zilizobaki ndizo fahirisi. Haiulizi kama kampuni inapata faida au inaishi kwa mikopo. S&P SmallCap 600, ya mwaka 1994, inauliza: ili kampuni iingie, jumla ya faida yake ya robo-mwaka nne za mwisho iwe juu ya sifuri, na robo ya karibuni kabisa vilevile. Tangu hapo, kwa muda mrefu, ya pili imeitangulia ya kwanza kwa mapato. Kichujio hicho cha faida hutajwa sana kuwa sababu, na mimi naona kinastahili.

India nako, Nifty Smallcap 250 huchukua kampuni za nafasi ya 251 hadi ya 500 katika Nifty 500, fahirisi ya kampuni 500 za soko la huko. Kwa hiyo "ndogo" ni nafasi kwenye foleni ya soko husika, si ukubwa wa ofisi wala umri wa biashara. Wapo wanaodhani wananunua kampuni changa zilizoanza juzi. Nyingi kati ya hizo hazijafika hata sokoni.

Kuna na siku ya kupanga upya. Kwa miaka mingi Russell ilifanya hivyo mara moja kwa mwaka, mwezi Juni, kwa kanuni ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Wafanyabiashara wa hisa wanakokotoa mapema nani ataingia na nani atatoka, wananunua, kisha wanauzia mifuko ya fahirisi ambayo haina hiari siku ikifika. Gharama hiyo huioni kwenye ada. Huioni hata ukilinganisha mfuko na fahirisi yake, kwa sababu fahirisi yenyewe imeimeza. Utaiona tu ukilinganisha fahirisi na fahirisi. Ndiyo maana mimi huanza na waraka wa kanuni za fahirisi kabla ya kugusa jedwali la mapato, ingawa nakiri si usomaji wa kufurahisha.

"Kampuni ikikua, nakua nayo"

Hadi mlangoni tu. Ikizidi kimo, mfuko unalazimika kuiuza. Super Micro Computer, kampuni ya kompyuta ya Marekani, iliingia S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa, mwezi Machi 2024 huku ikiwa bado ndani ya Russell 2000, jitu miongoni mwa watoto, mpaka ilipotolewa Juni mwaka huohuo. Safari hiyo kuuza kulikuwa heri, maana bei yake ilianguka vibaya miezi iliyofuata. Lakini mfuko haukuuza kwa kuona mbali. Uliuza kwa sababu kanuni ilisema hivyo. Mlango huohuo huingiza na kampuni zilizokuwa kubwa zikaporomoka.

"Kampuni ndogo hulipa zaidi siku zote"

Wazo hili lina asili ya heshima. Mwaka 1981 mtafiti wa masuala ya fedha Rolf Banz alichapisha utafiti kuhusu hisa za soko la New York ulioonyesha kuwa kampuni ndogo zililipa zaidi hata baada ya kuzingatia hatari yake. Baada ya kuchapishwa, nguvu ya jambo hilo nchini Marekani ilififia, na kuna vipindi virefu ambavyo kampuni kubwa ziliziacha ndogo mbali. Faida ya ziada huenda ipo. Kuipangia tarehe ya kufika ndiko kosa.

"Mfuko huu umeishinda fahirisi, tazama grafu"

Tazama kwanza umeshindanishwa na nini. Fahirisi huwa na matoleo mawili: la bei tupu, na lile linalohesabu gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, kama limewekezwa tena. Mfuko unapokea gawio, kwa hiyo kuushindanisha na bei tupu ni kumpa mkimbiaji mmoja baiskeli. Gawio la asilimia 1.5 kwa mwaka, likiachwa nje kwa miaka 10, ni pengo la karibu asilimia 16. Mfuko mzuri wa fahirisi hubaki nyuma kidogo ya toleo lenye gawio, kwa kiasi kinachokaribia ada yake. Ukibaki nyuma sana kuliko ada, uliza. Mara nyingi jibu ni ukwasi: hisa ndogo haziuziki haraka, na pengo la bei ya kununulia na ya kuuzia ni pana, hivyo kila mtu anapoingia au kutoka kuna kinachodondoka njiani. Baadhi ya mifuko haishiki hata hisa zote. Hushika sampuli, na sampuli nayo inaweza kwenda kombo.

"Kipande cha 10 ni rahisi kuliko cha 200"

Hapana. Kipande ni sehemu ya mfuko unayonunua. Hisa zilizo ndani zikipanda asilimia 8, vyote viwili vinapanda asilimia 8.

"Nikiweka kila mwezi, hatari imeisha"

Dhana hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na mifano yake huchaguliwa kwa uangalifu. Weka 100 kila mwezi kwa bei ya 10, kisha 5, kisha 8. Unapata vipande 10, 20 na 12.5, jumla 42.5. Kwa bei ya 8 una 340, na umetoa 300. Bei iko chini ya ilikoanzia nawe una faida. Uchawi!

Sasa geuza. Bei ni 10, kisha 12.5, kisha 20. Unapata vipande 10, 8 na 5, jumla 23. Halafu bei inarudi 10, palepale ilipoanzia. Una 230 kwa 300 ulizotoa. Utaratibu ni uleule, nidhamu ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa bei, na huo huuchagui wewe.

Mwanzoni mchango mmoja una uzito. Wa pili ni nusu ya akiba yote. Baada ya miaka 10, ukiwa na michango 120 na tuseme bei haijasogea, una 12,000, na mchango ujao wa 100 haufiki hata asilimia moja. Hauwezi tena kusawazisha chochote. Wewe sasa ni sawa na aliyeweka fedha zote kwa mkupuo. Kati ya Julai 2007 na Machi 2009 Russell 2000 ilishuka kutoka alama 855 hadi 343, karibu asilimia 60. Anguko kama hilo juu ya 12,000 linaondoka na 7,200. Hiyo ni michango 72, yaani miaka sita ya kuweka kila mwezi bila kuruka. Mwenye tarehe ya kuzihitaji fedha zake, ada ya shule au kustaafu, aanze kuzihamisha taratibu miaka kadhaa kabla, hata kama mfuko bado unapanda na moyo unakataa.