Rekodi ya Jinai Haimfungii Mtu Mlango wa Chuo Marekani

Wengi huamini kwamba aliyewahi kuhukumiwa Marekani hawezi kudahiliwa chuoni wala kupata msaada wa ada. Hakuna sheria ya shirikisho inayosema hivyo. Tangu Julai 1, 2023, hata aliye gerezani anaweza kupata ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini usiorudishwa, ambayo Bunge liliwanyima wafungwa mwaka 1994, mradi programu anayosoma imeidhinishwa.

Kinachowaangusha wengi ni fomu ya maombi inayouliza kama umewahi kuhukumiwa. Utafiti wa 2015 kuhusu SUNY, mfumo wa vyuo vya umma vya jimbo la New York, ulionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya waombaji waliokiri kosa kubwa la jinai hawakumaliza maombi. Walidaiwa nyaraka za mahakama na barua za maofisa wanaowasimamia waliohukumiwa walio nje ya gereza hadi wakakata tamaa. Huo ni ukatili wa kimyakimya. SUNY baadaye iliondoa swali hilo kwenye fomu ya udahili. Common App, fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, nayo ililitoa katika sehemu yake ya pamoja kuanzia 2019, ingawa chuo chenyewe bado kinaweza kuuliza.

Swali hilo likiwepo, lisome neno kwa neno: kukamatwa si kuhukumiwa, na rekodi ambayo mahakama imeifunga isionekane na umma mara nyingi haihitaji kutajwa. Omba nakala ya rekodi yako mapema. Usidanganye, maana uongo ukigundulika unaweza kufukuzwa.

Kwa uuguzi au ualimu, iulize kwanza bodi ya leseni ya jimbo. Hapo kikwazo ni cha kweli: unaweza kuhitimu vizuri na bado ukanyimwa leseni.