Usanifu mwingiliano ni nini, na takwimu zinaingiaje humo?

Mwaka 1992, mwanafunzi wa Royal College of Art jijini London, Durrell Bishop, alibuni mashine ya kupokea ujumbe wa simu ya mezani isiyo na skrini. Mtu akikupigia asikukute, akaacha ujumbe, mashine inadondosha gololi moja kwenye kijimfereji chake. Ukirudi nyumbani unaona gololi tatu, unajua watu watatu walipiga. Ukichukua moja na kuiweka kwenye kishimo cha mashine, unausikia ujumbe wake. Ukiihamishia kwenye simu, simu inampigia aliyeuacha. Kama ujumbe si wako, gololi unaiweka pembeni, mwenyewe akirudi ataikuta.

Mashine hiyo ilibaki kielelezo, haikufika madukani. Hata hivyo, ukimwuliza mtu wa fani hii akuonyeshe kazi moja inayoeleza kila kitu, kuna uwezekano mkubwa akakutajia gololi za Bishop. Taarifa ambayo kwa kawaida imejificha ndani ya waya na sumaku, yaani nani kaacha ujumbe na ujumbe ni mingapi, imepewa umbo unaloliona ukiwa bado mlangoni. Na umbo hilohilo ndilo unalolishika unapotaka kufanya jambo. Huhitaji kufundishwa.

Usanifu mwingiliano, basi, ni kazi ya kupanga namna mtu na kifaa wanavyojibizana: mtu anafanya nini, kifaa kinajibu vipi, na mtu anajuaje kwamba kimejibu. Rangi na umbo vimo, ila vimo kwa ajili ya majibizano hayo. Jina la fani lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1980, na waliolianzisha ni Bill Moggridge na Bill Verplank. Moggridge, Mwingereza, ndiye aliyesanifu GRiD Compass, kompyuta mpakato iliyoingia sokoni mwaka 1982. Alisimulia kwamba alipoanza kuitumia yeye mwenyewe, baada ya muda mfupi alisahau kabisa bawaba na umbo alivyovihangaikia, akawa amezama kwenye programu. Hapo akaona kuwa sehemu kubwa ya kile mtu anachokutana nacho haikuwa na msanifu. Ilikuwa imeachiwa waandika programu, nao walikuwa na shughuli nyingine.

Ukitaka mfano wa karibu, fungua menyu ya kutuma pesa kwenye simu ya vitufe. Hakuna picha wala rangi, ni mistari yenye namba tu. Unachagua kutuma, unaandika namba ya simu, unaandika kiasi. Halafu, kwenye mitandao mingi, kabla muamala haujakamilika linatokea jina la mpokeaji. Mstari huo mmoja ni usanifu mwingiliano wa kiwango cha juu. Mtandao wenyewe hauhitaji jina, namba inautosha. Anayelihitaji ni wewe, kwa sababu tarakimu kumi huwezi kuzitazama ukawa na hakika, ilhali jina la shangazi yako unalijua. Aliyelipanga pale alijua watu hukosea wapi, akaliweka jibu sekunde chache kabla pesa haijaondoka. Nimeona programu za simu zenye michoro ya kuvutia zisizo na akili ya namna hiyo.

Sasa takwimu. Kuzionyesha kwa picha ni kazi ya zamani kuliko kompyuta: William Playfair, Mskoti, alichapa grafu za biashara ya Uingereza mwaka 1786, na tangu hapo mistari inayopanda na kushuka imekuwa mali ya kila mtu. Kazi yenyewe ni kubadilisha namba kuwa kitu ambacho jicho hukipima bila kuhesabu: urefu, ukubwa, rangi, mahali, mwendo. Ubunifu unakuja pale namba zinapokataa kuingia kwenye umbo la kawaida.

Hapa sina budi kumtaja W.E.B. Du Bois. Mwaka 1900, miaka 35 tangu utumwa ukomeshwe Marekani, msomi huyo mweusi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Atlanta alipeleka kwenye Maonyesho ya Paris michoro ipatayo 60, aliyoichora kwa mkono yeye na wanafunzi wake, kwa wino na rangi za maji. Mmoja unahusu mahali walipoishi watu weusi wa jimbo la Georgia mwaka 1890. Waliokuwa kwenye miji ya watu zaidi ya 10,000 ni 78,139. Waliokuwa mashambani na vijijini ni 734,952, yaani zaidi ya mara tisa. Ukichora mistari miwili iliyonyooka kwa kipimo kimoja, ama wa mjini unakuwa kijipande tu, ama wa shamba unatoka nje ya karatasi. Du Bois aliuanza mstari wa mjini sehemu ya juu ya karatasi, umenyooka, akaukunja kuonyesha makundi madogo ya waliokuwa kwenye miji midogo, kisha sehemu ya shamba akaizungusha kwa rangi nyekundu, duara ndani ya duara, mpaka ikajaa katikati.

Wataalamu wa chati wanalalamika kuwa jicho halipimi vizuri urefu wa mstari uliojiviringisha, na ni kweli. Lakini namba aliziandika palepale, anayetaka kupima azisome. Mviringo ulikuwa na kazi nyingine: mtu anayepita katikati ya maelfu ya vitu vya maonyesho asimame. Na akisimama, kitu cha kwanza anachokiona ni kwamba hadithi ya watu hawa bado iko shamba. Mchoro huo hauna pa kubofya, na hauhitaji.

Upande mwingine kabisa kuna kazi ya Natalie Jeremijenko ya mwaka 1995, pale Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California. Alining'iniza kamba ya plastiki ya mita mbili na kitu kutoka kwenye mota ndogo darini, na mota akaiunganisha na waya wa mtandao wa kompyuta wa ofisi. Kila data ilipopita, kamba ilishtuka kidogo. Mtandao ukiwa kimya, inatikisika mara mojamoja. Ukiwa na pilikapilika, inazunguka kwa kasi na kuvuma. Iliwekwa kwenye kona ya ukumbi, ikionekana na kusikika kutoka ofisi kadhaa. Mtu anayetaka kutuma faili kubwa hahitaji kufungua programu yoyote, masikio yake yameshamwambia kuwa mtandao una foleni. Mark Weiser na John Seely Brown, waliokuwa hapohapo PARC, waliitumia kamba hiyo kueleza wazo lao la teknolojia tulivu: taarifa inayokaa pembezoni mwa fikra zako na kuja mbele pale tu unapoihitaji.

Du Bois anaomba macho yako yote kwa dakika moja. Jeremijenko anaomba sikio moja siku nzima. Bishop anakupa kitu cha kushika. Uamuzi wa kwanza katika kazi za namna hii ni huo, mtu atatoa umakini kiasi gani na akiwa katika hali gani, nao hufanywa kabla ya kuchagua rangi au aina ya chati.

Kompyuta ilipofika ikaongeza jambo moja ambalo karatasi haina, nalo ni kuuliza tena. Unachuja, unakaribia, unabadilisha mwaka, mchoro unajichora upya. Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliandika mwaka 1996 utaratibu ambao bado unafuatwa: mwonyeshe mtu yote kwa ujumla kwanza, mwache akaribie na kuchuja, kisha mpe undani pale anapoutaka. Ramani za simu zinakwenda hivyo. Tovuti nyingi za matokeo ya uchaguzi pia, kuanzia nchi, kisha mkoa, kisha jimbo lako.

Halafu watu wakazidisha. Kwa miaka kadhaa kila takwimu ilipewa vitufe, na dashibodi, yaani kurasa zinazoonyesha takwimu nyingi kwa pamoja, zikajaa vipimo kama vya rubani wa ndege. Mwaka 2016 Archie Tse wa dawati la michoro la gazeti la New York Times alieleza kwa nini wao wanapunguza: wasomaji wengi hawabofyi, wanateremsha ukurasa tu. Jambo muhimu ukilificha nyuma ya kitufe, hesabu kwamba wengi hawataliona. Kwetu kuna sababu ya ziada, kwani ukurasa mzito unakula bando, na msomaji anayeona kiduara kinazunguka kwa sekunde ishirini anaondoka.

Kwa maoni yangu, kitufe kinastahili kuwepo pale msomaji anapokuwa na swali lake mwenyewe ambalo mchoraji hakuweza kulijibu mapema. Mfano mzuri ninaoufahamu wa jambo hili ni wa Nairobi.

Matatu ndizo zinazobeba watu wengi wa jiji hilo, lakini mpaka mwanzoni mwa muongo uliopita hapakuwa na ramani ya umma ya njia zake zote. Ujuzi ulikuwa vichwani mwa makondakta na abiria: 111 inakwenda Ngong, 58 Buruburu, na steji iko pale kwenye jengo fulani. Mradi wa Digital Matatus uliwaunganisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia vya Marekani, na kampuni ndogo ya Groupshot. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi mahali walipo, wakaandika kila steji. Walikusanya njia zaidi ya 130.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa cha kuchora. Duniani data za usafiri wa umma huandikwa kwa mfumo uitwao GTFS, uliozaliwa mwaka 2005 kwa mabasi na treni za Portland, Marekani, na unaodhani kwamba kila gari lina ratiba na kila kituo kina bango. Matatu huondoka ikijaa, na steji nyingine zinajulikana kwa mazoea tu. Ilibidi mfumo ulegezwe ili uweze kupokea usafiri wa namna hiyo, na kazi hiyo ikawafaa baadaye watu wa miji mingine yenye usafiri kama huo.

Ramani ya karatasi ilitoka Januari 2014, na serikali ya jiji ikaikubali kuwa ramani rasmi. Imechorwa kwa mtindo wa ramani za treni za chini ya ardhi, ule uliopata umaarufu kwa mchoro wa Harry Beck wa London mwaka 1933: mistari imenyooshwa, umbali halisi umeachwa, kinachobaki ni kipi kinaungana na kipi. Uamuzi huo una gharama zake, maana mtembea kwa miguu anaweza kudanganyika. Lakini ukiitazama kwa hatua mbili nyuma, kitu kimoja kinakurukia: karibu kila mstari unakimbilia katikati ya jiji. Anayetoka kitongoji cha magharibi kwenda cha kaskazini mara nyingi hupelekwa mjini kwanza, ashuke, apande nyingine. Kila abiria alikuwa akilijua hilo kwa miguu yake. Kwenye karatasi likawa jambo ambalo mpangaji wa jiji na mwenye matatu wanaweza kulinyooshea kidole wakiwa meza moja.

Data zenyewe ziliachwa wazi kwa yeyote, na mwaka 2015 njia za matatu zikaingia Google Maps. Hapo swali linabadilika. Mtu wa simu hajali umbo la jiji. Anauliza: niko hapa, nataka kufika pale, nipande nini? Hakuna mchoraji anayeweza kuandaa karatasi kwa kila jozi ya mahali pa kutoka na pa kwenda, kwa hiyo hapa kitufe kinastahili. Data ni zilezile, sura mbili, na hakuna inayoifuta nyingine. Ningemshauri anayeanza kazi ya takwimu, iwe ya mahudhurio ya kliniki au bei za mahindi sokoni, aziandike kwanza sentensi za maswali ya watu watakaoitumia, kwa maneno yao, kabla hajafungua programu yoyote ya chati. Mengi yatajibika kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani.

Linalobaki gumu ni uzee wa data. Njia za matatu hubadilika, steji huhamishwa, barabara mpya hufunguliwa, na mstari mnene wa rangi uliochorwa vizuri haukuambii kuwa umepitwa. Kadiri ramani inavyopendeza ndivyo watu wanavyoiamini, hata ikiwa ya miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo tarehe ya ukusanyaji inapaswa kuonekana bila kutafutwa, na kondakta anayejua kwamba njia yake imehama awe na mahali pepesi pa kusema hivyo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kuonyesha kwenye maonyesho, na wafadhili hawaichangamkii, lakini nayo ni sehemu ya usanifu.