Kwa nini pikapu tupu hudunda kuliko iliyobeba mzigo?

Umewahi kuendesha pikapu iliyojaa, ukashusha mzigo, kisha ukarudi kwa njia ileile bodi ikiwa tupu? Wakati wa kwenda gari limetulia, limekaa chini kama ng'ombe aliyeshiba. Wakati wa kurudi, kila mshono wa barabara unaupokea kiunoni, chupa ya maji inaruka ilipowekwa, na aliyekaa siti ya nyuma ameshika kishikio cha juu ya mlango safari nzima. Barabara ni ileile na dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni uzito, nao umepungua. Mtu angetarajia gari jepesi ndilo litembee kwa raha.

Sababu iko chini ya bodi. Pikapu nyingi nyuma zina springi za vyuma bapa: vipande kadhaa, virefu kwa vifupi, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwenye ekseli. Springi hizo hazikupimwa kwa ajili ya dereva. Zimepimwa kwa ajili ya mzigo ambao leo haupo, nusu tani, tani nzima, pengine zaidi. Gari likiwa tupu, uzito mwingi uko mbele penye injini na kabini, na huku nyuma springi nene imebeba bati tu.

Springi yoyote ina mdundo wake wa asili, kama bembea ilivyo na mwendo wake. Ikiwa ngumu, mdundo unakuwa wa haraka. Ukiongeza uzito juu yake, unapungua kasi. Gari dogo la abiria hupanda na kushuka mara 1 hadi 1.5 hivi kwa sekunde. Nyuma ya pikapu tupu huvuka mara 2 bila shida. Sasa mwili wa mtu aliyeketi huteswa zaidi na mtikisiko wa juu-chini unaokuja mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, kinachotumika kupima mitikisiko inayompata binadamu, huhesabu ukanda huo kuwa mzito kuliko mingine. Kila springi inavyozidi kuharakisha mdundo, ndivyo unavyosogea kuelekea tumboni mwako.

Lakini ugumu haujamaliza habari. Jambo ambalo wengi hawalifikirii, na ambalo kwangu ndilo kiini, ni msuguano kati ya vile vipande vya springi. Ili springi ipinde, sharti viteleze kimoja juu ya kingine. Kutu, vumbi na matope huvishikanisha. Shimo kubwa litavilazimisha kuteleza, ila vijiwimbi vya lami havina nguvu ya kuuvunja mshiko huo. Hapo springi inakuwa gogo. Springi isipopinda, shokapu (wengine huita shokomzoba) haisogei, na shokapu isiyosogea haizuii chochote, hata ingekuwa imetoka dukani asubuhi hiyo. Gari zima linabaki likidunda juu ya matairi, na tairi ni springi ambayo karibu haina kitu cha kuituliza. Ndiyo maana pikapu inaweza kupita vizuri kwenye mashimo ya barabara ya vumbi, halafu ikakusumbua kwenye lami ambayo kwa macho ni safi kabisa.

Barabara za zege nazo zina balaa lao. Zege humwagwa kwa vipande, na vipande vya urefu wa mita 4.5 hivi ni vya kawaida. Jua likichoma uso wa juu, kipande hutuna katikati. Usiku uso ukipoa kuliko chini, kingo ndizo huinuka. Kwa kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kila sekunde, maana yake unagonga viungo mara 6 hivi kwa sekunde. Kwa bahati mbaya, chasisi ya pikapu, ile miti miwili mirefu ya chuma inayobeba kabini na bodi, nayo hupinda na kurudi kama ubao uliowekwa juu ya mawe mawili, na mdundo wake mara nyingi uko jirani na hapohapo. Barabara inaisukuma kila inaporudi, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake hasa. Huko Marekani, hasa California penye barabara kuu nyingi za zege, wenye pikapu wanaujua mruko huu vizuri mno. Dawa ya kwanza ni ya bure: shuka hadi 85 au 80. Mapigo yatapungua hadi mara 5 kwa sekunde, na mara nyingi gari litatulia lenyewe.

Kabla hujagusa spana, jiulize swali moja: mtikisiko unafuata barabara au unafuata kasi? Ukitoka kwenye zege ukaingia lami nyororo na mtikisiko ukaisha, tatizo ni mambo niliyoyaeleza. Ukibaki vilevile popote, na ukawa mkali kwenye kasi fulani, hasa usukani ukitetemeka mikononi, shuku magurudumu. Tairi la pikapu lenye mzunguko wa mita 2.4 hivi hujizungusha zaidi ya mara 11 kwa sekunde ukiwa kwenye 100, na risasi ya balansi (kile kipande kidogo cha chuma kinachobandikwa kwenye rimu) iliyodondoka au tairi lililopoteza uduara litajulikana hapo. Huyo ni mgonjwa mwingine. Mpeleke kwenye balansi.

Mruko ukiwa ni wa barabara, anza na upepo wa matairi. Nimeona watu wakinunua shokapu nne mpya huku matairi yamejazwa psi 80 na bodi haina hata gunia. Matairi magumu ya kazi nzito huandikwa ubavuni kiwango chake cha juu kabisa, na wajaza upepo wengine hukichukua kama ndicho kipimo cha kila siku. Sicho. Kipimo chako kiko kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi pikapu ina vipimo viwili, vya gari tupu na vya gari lililojaa. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Usishuke chini ya kibandiko kwa kutafuta ulaini, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hupata joto kwenye mwendo mrefu na linaweza kupasuka. Na ukijaza mzigo kesho, rudisha upepo wa mzigo.

Baada ya upepo, nenda kwenye springi zenyewe. Nyingi zina vipande vya plastiki kwenye ncha, vilivyowekwa ili vyuma viteleze bila kukwaruzana. Vikiisha, chuma hukutana na chuma. Fundi anaweza kuzifungua, kusugua kutu, kuweka plastiki mpya na kukagua bushi (vipande vya mpira vya kwenye viungo) na pingu zinazoshika mwisho wa springi, ambazo zikikaza huzuia springi isirefuke inapolala. Ni kazi chafu isiyo na kitu cha kumwonyesha jirani, lakini matokeo yake unayakalia.

Shokapu zinafuata hapo. Kazi yake ni kugeuza mdundo kuwa joto. Ukiona mafuta yametapakaa mwilini mwake, au tairi limekula kwa mabonde-mabonde, imekwisha. Wengi hushauri zikaguliwe zikifika kilomita 80,000 hivi, mapema zaidi kwa gari la kazi. Ukinunua, kataa zile zinazosifiwa kwa ugumu. Shokapu ya kubebea mzigo au ya mashindano ya matope, ikifungwa kwenye pikapu inayotembea tupu, hupitisha kila kokoto hadi kwenye siti.

Kuweka mifuko ya mchanga je? Husaidia, ila chini ya inavyosifiwa. Mdundo hupungua kwa kipeuo cha pili cha uzito, si kwa uzito wenyewe. Kama nyuma pana kilo 800 ukaongeza 150, mdundo unashuka kwa asilimia 8 tu, na mafuta unayalipia kila siku. Ukiamua kubeba, weka juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kisha funga imara. Mzigo ukikaa nyuma kabisa karibu na mlango wa bodi, unanyanyua pua ya gari na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza.

Mifuko ya hewa inayofungwa kusaidia springi ndiyo huwapoteza wengi. Ilibuniwa kuzuia mkia usishuke ukiwa umepakia, kwa hiyo huongeza ugumu. Ukiijaza gari likiwa tupu, umenunua mruko zaidi. Kupunguza vipande vya springi kunalainisha kweli, lakini uwezo wa kubeba unashuka, na breki, taa na bima vilipangwa kwa gari lile la awali.

Watengenezaji wenyewe wamelihangaikia jambo hili. Honda Ridgeline ilitoka mwaka 2005 ikiwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja upande wake, bila ekseli nzima. Ram 1500 ya mwaka wa modeli 2009 iliacha vyuma bapa ikaweka springi za koili nyuma, na koili haina vipande vya kusuguana. Tofauti utaisikia kwenye lami kabla hujafika mbali. Ukizipakia tani, mkia wake nao hushuka mapema kuliko wa pikapu ya vyuma bapa.