Je, Wajua Kwa Nini Kugawa Mali Hakumfungui Mdhamini wa Amana?

Nyumba zimeuzwa, fedha zimegawanywa, kila mnufaika amepokea fungu lake na kushukuru. Miaka mitatu baadaye inafika barua ya wakili: mmoja wao anauliza kwa nini shamba liliuzwa kwa bei ile, na anadai tofauti. Mdhamini anashangaa, maana kwake jambo hilo lilikwisha siku ya mgao. Kisheria halikwisha. Mali iligawanywa, lakini hesabu haikufungwa.

Amana inayozungumzwa hapa ni mali ambayo mtu mmoja anaishika kwa faida ya mwingine. Aliyeitoa ni mweka amana, anayeishika ni mdhamini, anayefaidi ni mnufaika, na masharti yote yamo katika hati ya amana. Mali iko kwa jina la mdhamini: ndiye anayesaini, ndiye anayeuza, ndiye anayepokea kodi ya nyumba. Kwa kuwa mnufaika haoni yanayotendeka, ni mdhamini anayetakiwa kuonyesha kila kilichoingia kilikwenda wapi. Wajibu huo hauishi kwa mali kuisha. Humtoka pale wanufaika wanapoikubali hesabu na kumwachilia, au mahakama inapoiidhinisha, au muda wa kudai unapopita. Njia zote hizo zinategemea hesabu iliyoandikwa vizuri.

Mtindo wa kale wa kuiandika, ambao mpaka leo haujapata mshindani, ni wa kujitwika na kujitua. Kwanza mdhamini anajitwika kila alichopokea, kisha anajitua kwa kila alichotoa kihalali, na kinachobaki begani lazima kionekane kwa macho.

Tuchukue mfano wa amana ndogo. Upande wa mtaji, mdhamini alipokea mali ya thamani ya 100,000, akauza kiwanja kwa faida ya 6,000. Amejitwika 106,000. Anajitua: hasara ya kuuza hisa 2,500, gharama za wakili na mthamini 1,500, mtaji uliogawanywa mapema 20,000. Linabaki 82,000. Upande wa mapato, kodi ya nyumba 9,600 na gawio la hisa 2,400, jumla 12,000. Anatoa matengenezo 1,100, kodi ya serikali 1,800, na 8,600 alizolipwa mnufaika wa mapato. Linabaki 500. Sasa mali iliyopo: jengo 40,000, hisa 30,000, na fedha benki. Taarifa ya benki ya siku hiyo lazima isome 12,500, yaani 12,000 za mtaji na 500 za mapato. Ikisoma 12,300, hesabu haijaisha. Zile 200 zitafutwe mpaka zipatikane, hata zikichukua siku mbili. Kuziba pengo kwa mstari wa "gharama ndogondogo" ni kosa baya, kwa sababu mnufaika akiugundua mstari mmoja wa kubuni, hataamini tena hata ile mistari ya kweli.

Mtaji na mapato hutenganishwa kwa sababu mara nyingi wenyewe ni tofauti. Mjane ana haki ya mapato maisha yake yote, watoto wana haki ya mtaji baadaye. Kwa kawaida matengenezo ya kila mwaka hutozwa mapato, ilhali gharama ya kuuza mali hutozwa mtaji, isipokuwa hati iseme vingine. Kuezeka paa upya na kutoza yote upande wa mapato kunaweza kumpunja mmoja kwa faida ya mwenzake, na hapo mdhamini anadaiwa ingawa hakuchukua hata senti. Jingine: jengo na hisa ziandikwe kwa thamani ya siku zilipopokelewa, kisha safu ya pembeni ionyeshe thamani ya soko ya siku ya kufunga hesabu. Bila safu hiyo msomaji hawezi kujua kama mali imekua au imedumaa.

Mnufaika asiyeridhika ana njia mbili za kuishambulia hesabu. Ya kwanza ni kuomba matumizi yafutwe. Mdhamini ameandika matengenezo ya paa 700 lakini hana stakabadhi, au anayo ila hati haikumruhusu kutumia. Mstari unafutwa, ile 700 inamrudia begani, na atailipa kutoka mfukoni mwake. Ya pili ni kuomba kiongezwe ambacho hakikuandikwa. Tuseme nyumba ingepangishwa kwa 800 kwa mwezi, naye akampangisha ndugu yake kwa 500. Kila alichopokea amekiandika kwa uaminifu, lakini kwa mwaka zimepotea 3,600 ambazo angepaswa kupokea, na zinaweza kuongezwa kana kwamba alizipokea. Hili la pili huwanasa hata wadhamini waadilifu, kwa kuwa vitabu vyao ni safi kabisa.

Kabla ya mgao wa mwisho kuna madeni na kodi. Mdhamini anayegawa kila kitu kisha mdai akajitokeza hana tena mali ya kulipia, na deni linaweza kumwangukia yeye. Ndiyo maana tangazo la kuwaita wadai hutolewa. Sheria ya wadhamini ya Uingereza ya mwaka 1925 inataka muda usiopungua miezi miwili. Uthibitisho kutoka mamlaka ya kodi upatikane, na akiba ya kiasi kinachoelezeka ibaki kwa ajili ya gharama za kufunga. Akiba hiyo iandikwe wazi, pamoja na lini na kwa nani itaachiwa.

Sasa hati ya kuachiliwa. Mnufaika husaini kwamba ameisoma hesabu, ameikubali, na hatamdai mdhamini juu ya mambo yaliyomo. Nguvu ya saini hiyo inategemea alichoonyeshwa. Jambo lililofichwa au kufunikwa kwa maneno ya jumla halikusamehewa, hata kama hati inasema amesamehe yote. Kwa hiyo kasoro ndiyo ya kuandikwa kwa uwazi kuliko kitu kingine. Mdhamini aliyechelewa kuuza hisa mpaka bei ikaanguka aandike tarehe, bei ya awali, bei ya mwisho na sababu. Wengi huogopa kuamsha ugomvi, lakini jambo lisilotajwa ndilo linaloacha mlango wazi. Hesabu ipelekwe mapema pamoja na nakala za stakabadhi, na mnufaika aambiwe kwa maandishi kwamba anaweza kutafuta wakili wake mwenyewe. Kumshikia fungu lake mpaka asaini ni hatari, kwa kuwa saini ya kubanwa inaweza kutenguliwa. Uingereza, mdhamini aliyegawa tu kama hati inavyoagiza ana haki ya hesabu yake kukaguliwa na kufungwa, na kupewa stakabadhi; hati kamili ya kuachiliwa hawezi kuishurutisha.

Saini hiyo inamfunga aliyeitia peke yake. Wanufaika wakiwa watano na wanne wakasaini, wa tano bado ana dai lake zima. Mtoto hawezi kumwachilia mdhamini, wala mtu asiye na akili timamu, wala aliyepotea, wala ambaye hajazaliwa lakini hati inamtaja. Hapo ndipo mahakama inapohitajika. Mdhamini anawasilisha hesabu, wote wenye haki wanapewa taarifa, watoto wanawekewa mtu wa kuwasemea, pingamizi zinasikilizwa, kisha inatolewa amri inayowafunga wote waliopewa taarifa ipasavyo. Ni njia ya gharama na ya polepole, lakini penye watoto au uhasama, ndiyo ningeichagua bila kusita. Nayo pia hailindi kilichofichwa.

Muda nao husaidia, ila kwa upole. Uingereza dai la kawaida la kukiuka amana lina miaka 6, na muda hauanzi kumhesabia mwenye haki ya baadaye mpaka haki yake ifike. Penye udanganyifu wa mdhamini, hakuna ukomo. Sheria mfano ya amana ya Marekani ya mwaka 2000, iliyofuatwa na majimbo mengi, inampa mnufaika mwaka 1 tangu apelekewe taarifa inayolifichua jambo vya kutosha na kumweleza muda wa kudai. Isipokuwepo taarifa ya namna hiyo, muda ni miaka 5 tangu mdhamini aondoke au amana iishe. Karatasi moja iliyoandikwa kwa uwazi inapunguza miaka 4 ya wasiwasi.

Kipengele cha kinga ndani ya hati kinaweza kumkinga mdhamini na uzembe, na mahakama ya rufaa ya Uingereza ilikubali mwaka 1997, katika kesi ya Armitage dhidi ya Nurse, kwamba hata uzembe mkubwa unaweza kufunikwa. Kutokuwa mwaminifu hakufunikwi. Mahakama ya huko pia inaweza kumsamehe mdhamini aliyetenda kwa uaminifu na busara, ikiona ni haki asamehewe, lakini hiyo ni hiari ya jaji na si jambo la kulitegemea.

Anayejiuzulu katikati haachi makosa yake mlangoni. Anabaki na dhima ya kipindi chake. Wadhamini wanaohudumu pamoja hudaiwa wote na kila mmoja peke yake, hivyo aliyesaini hundi bila kuuliza anaweza kulipa zima. Anayeondoka achukue hesabu iliyofungwa mpaka siku hiyo na orodha ya mali aliyokabidhi, iliyosainiwa na anayepokea.

Akaunti ya benki ifungwe mwisho kabisa, baada ya malipo ya mwisho kupita na akiba kuachiwa. Taarifa yenye salio sifuri iwekwe juu ya jalada, pamoja na stakabadhi na hati za kuachiliwa, na jalada litunzwe mpaka muda wa kudai wa mnufaika mdogo kuliko wote upite.