Muhogo unashibia kwenye majani, sio kwenye udongo

Wakulima wengi ukiwauliza mmea unakula nini watakwambia mbolea, au rutuba ya udongo. Jibu hilo tunalisikia kila siku na sio kosa lao, tumezoea kusema hivyo hata sisi mabwana shamba, ila mbolea kwa mmea ni kama chumvi kwenye mboga, inahitajika lakini hakuna anayeshiba chumvi. Chakula chenyewe, yani sukari na wanga, mmea unajipikia wenyewe, na unapikia kwenye jani.

Zamani huko Brussels kulikuwa na jamaa anaitwa Jan van Helmont, alipanda mti kwenye chungu cha udongo alioupima, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukaongezeka uzito kama kilo 74, udongo ukapungua gramu 60 hivi basi. Habari zake zilichapishwa 1648 akiwa keshafariki, na yeye alidhani uzito wote umetoka kwenye maji. Hapo alipatia nusu, hewa aliisahau.

Maana kinachotokea ni hivi: chini ya jani kuna vitundu vidogo sana huvioni kwa macho, vinaitwa stomata, humo inaingia hewa ya ukaa, maji yanapanda kutoka kwenye mizizi, halafu ile rangi ya kijani, klorofili, inanasa mwanga wa jua na nguvu ya huo mwanga ndio inayopasua maji na kuunganisha hewa ya ukaa mpaka inapatikana sukari. Oksijeni tunayovuta ni mabaki ya yale maji yaliyopasuliwa. Shughuli yote inaitwa usanisinuru. Na hewa ya ukaa yenyewe ni kidogo mno, haifiki hata asilimia 0.1 ya hewa yote, lakini muhogo wote unaokula umejengwa na hiyo hiyo.

Sasa njoo kwenye kisamvu. Sukari ikishatengenezwa kwenye majani inashuka kwa shina mpaka kwenye mizizi, huko inakuwa wanga, ndio muhogo wako huo. Kwa hiyo ukichuma majani kila wiki mpaka shina linabaki uchi halafu unalalamika mihogo imekuwa vidole, mchawi hayupo hapo. Chuma kiasi, acha majani ya kutosha, au fanya kama watu wengi wa pwani wanavyofanya, wanapanda muhogo mpira pembeni ya nyumba kwa ajili ya kisamvu tu na shamba la mihogo wanaliacha lifanye kazi yake.

Kiangazi muhogo unafunga vile vitundu mapema ili maji yasipotee, na jua likizidi unapukutisha majani kabisa. Hauli lakini haufi. Mvua zikirudi unachipua majani mapya, na mtaji wa kuyatengeneza unautoa wapi? Kwenye wanga ule ule wa mizizini! Ndio maana ukichimba wiki chache baada ya mvua za mwanzo unapata muhogo mgumu, wa majimaji, unachemka weee hauivi. Ukiweza chimba kabla mvua hazijaanza, la sivyo subiri majani yashike vizuri yaurudishe huo wanga.

Batobato, ule ugonjwa wa muhogo, nayo shida yake iko hapo hapo kwenye jani. Jani linakuwa na mabaka ya njano, linajikunja, kijani kimepungua, basi hata jua liwake vipi sukari inayotengenezwa ni kidogo, na hapo mbolea haitakusaidia kwa sababu ni virusi. Inaenezwa na inzi weupe, ila na sisi wenyewe tunaieneza kwa kugawana pingili, yani vipande vya shina vya kupandia. Kwa hiyo pingili zikate wakati shina bado lina majani uyaone, usichukue kwenye rundo lililokaa chini ya mwembe ambalo hujui lilitoka shamba gani.