Anwani ya Bluetooth ilivyonidanganya

Mteja alinipigia akiwa na hofu: skana ya simu yake inaonyesha kifaa kisicho na jina, kila usiku. Ameshaamini anapelelezwa. Akanitumia picha ya skrini. Anwani ilianza na D4, nami nikachukua jozi tatu za mwanzo, nikazitafuta kwenye orodha ya IEEE, shirika linalogawa namba hizo kwa kampuni, nikapata kampuni ya simu na kumjibu kwa kujiamini. Nilichemka.

Anwani ya Bluetooth ina biti 48, jozi sita za herufi na tarakimu. Kwa utaratibu wa kawaida biti 24 za mwanzo IEEE huipa kampuni, zilizobaki kampuni hujipangia yenyewe. Fungu moja, yaani biti 24 za mwanzo zilezile, hutoa anwani 16,777,216. Ukiona B8:27:EB, hiyo ni Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo. Ila mara nyingi jina unalopata ni la mwenye chipu, si la aliyebandika nembo. Balbu na kufuli za chapa tofauti zinaweza zote kusoma Espressif, kwa kuwa ndani mna ESP32, chipu ya kampuni hiyo. Na vile vidude vya USB vya bei poa vinavyoanza na 00:1A:7D:DA:71? Nimewahi kukuta viwili vyenye anwani ileile, herufi kwa herufi.

Toleo 4.0 la mwaka 2010 lilileta Bluetooth ya nishati ndogo, na humo kifaa kinaruhusiwa kujitungia anwani ya nasibu. Ikianza na C, D, E au F, haibadiliki kifaa kikiwa kimewashwa. Ikianza na 4 hadi 7, hubadilika kila baada ya muda, mara nyingi dakika 15 hivi, na ni mwenye ufunguo wake tu anayeweza kuitambua. Tatizo ni kwamba zipo pia anwani halisi za IEEE zinazoanza na herufi hizohizo. Kinachozitenganisha ni biti moja ndani ya pakiti, nje ya anwani kabisa. Hiyo ndiyo sikuiangalia. D4 ya mteja wangu ilikuwa ya nasibu, ikagongana tu na fungu la kampuni ile ya simu.

Nikarudi kusoma tangazo lenyewe, yaani ujumbe mfupi ambao kifaa hurusha hewani kujitambulisha. Huko hukaa namba ya kampuni (Apple ni 004C, ila hewani baiti hugeuzwa: 4C 00) na namba za huduma. Hapa palikuwa na 180D, mapigo ya moyo. Nikamuuliza kama kuna mtu wa mazoezi pale nyumbani.

“Mwanangu,” akasema. “Hurudi saa mbili usiku.”