Ganda linalompa nyumokokasi makali

Nyumokokasi, bakteria anayewaletea watoto nimonia na homa ya uti wa mgongo, ana sumu yake, lakini mimi niliyezoea kumwotesha maabara namwogopa zaidi kwa ganda lake la nje. Ni tabaka la minyororo ya sukari, lenye utelezi wa bamia. Seli nyeupe za damu zikitaka kummeza hazipati pa kumshika, na protini za damu zinazomtia alama ili amezwe hubaki zimefichwa chini ya ganda.

Mwaka 1928 Frederick Griffith, huko London, aliwadunga panya nyumokokasi wenye ganda, wakafa. Wasio na ganda hawakuwaua. Kisha akachanganya hai wasio na ganda na wenye ganda waliokwisha kuuawa kwa joto: panya wakafa, na ndani ya damu yao mkawa na bakteria hai wenye ganda! Kufikia 1944 wanasayansi Avery, MacLeod na McCarty walionyesha kuwa kilichohama kutoka kwa waliokufa kwenda kwa walio hai ni DNA, kemikali inayobeba urithi. Ndiyo, elimu yetu ya urithi inalidai ganda hili deni kubwa.

Tatizo ni kwamba maganda yenyewe yako aina zaidi ya 100, na kwa kawaida kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa vijidudu) za aina moja hazifai kwa nyingine. Isitoshe, mtoto chini ya miaka miwili hatengenezi kinga ya maana akichanjwa kwa sukari ya ganda tupu. Ndiyo maana chanjo anayodungwa kliniki ina sukari ya ganda iliyofungwa kwenye protini. Protini ndiyo inayouamsha mwili wake. Kenya ilianza kutoa chanjo inayokinga dhidi ya aina 10 za ganda mwaka 2011, na Kilifi, ambako wagonjwa hufuatiliwa kwa makini, maradhi makali ya aina hizo kwa watoto chini ya miaka mitano yalishuka kwa asilimia 92. Mzazi akiniuliza kama chanjo hiyo ina maana, humtajia Kilifi.

Bado aina ya 3 inatusumbua. Imo kwenye chanjo inayolenga aina 13, lakini kinga dhidi yake ni hafifu. Ganda lake ni nene na halijashikamana imara na ukuta wa seli, hivyo hubanduka, na kingamwili huishia kunasa vipande vinavyoelea huku bakteria mwenyewe akiendelea kuzaana.